Chunusi za Bi Harusi

Kuze, Mombasa

Kwa kaka yangu mpenzi Mufaddal,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai waraka huu utakufikia ukiwa mzima, wewe na duka lako na jamaa wote wa Majunga, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua sasa umetulia. Sisi huku, alhamdulillahi, tunapumua. Mama hajambo. Kovu la shingoni tangu alipopasuliwa rovu limefifia, mtu asiyejua haoni kitu. Anakula vizuri na sauti imemrudi yote, maana kila asubuhi anagombana na muuza maziwa mpaka majirani wanafungua madirisha.

Barua hii nimempa binamu yetu Hakimuddin, anayekuja huko kwa shughuli zake. Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mezani. Wewe kwenye simu huanza kujibu kabla mtu hajafika katikati ya neno, na mimi nikisikia sauti yako imepanda husahau nililotaka kusema. Karatasi haikatizwi. Nakuomba uketi, uisome mpaka mwisho. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kigujarati changu cha kuandika unakijua, ulikuwa ukikicheka tangu tukiwa watoto.

Habari ni za binti yako Iqra. Yu hai, na ana nafuu. Nalitanguliza hilo ili moyo wako usikuruke kama ulivyoniruka mimi, na mpaka sasa haujarudi mahali pake.

Ulipotuambia kwamba umempa neno babake Aqeel, kwamba Iqra ataolewa na mwanawe, tulianza matayarisho bila kuchelewa. Chumba cha juu kilijaa vitambaa, Mama akawa anahesabu wageni hata kwenye swala yake, Mungu amsamehe. Nikamwita Mejumaa aje kumsinga mwari. Unamkumbuka Mejumaa, yule Mdigo wa Tudor aliyempamba marehemu mkeo siku yenu. Nywele zimeshamtoka mvi lakini mikono yake ni ile ile. Alikuwa akija adhuhuri na singo yake ya kusugua mwili, liwa ya uso aliyoisaga mwenyewe, na chupa ya maji ya ukwaju baridi. Husema bi harusi lazima apozwe na ndani pia. Iqra alikaa akasuguliwa, hakusema hili wala lile. Tulisema anaona haya.

Asubuhi moja alishuka kunywa chai akiwa amejifunika mtandio mpaka puani. Nikadhani mafua. Nilipouvuta, kaka, nilipiga yowe hata Mama akadondosha kikombe. Uso mzima ulikuwa umetapakaa vipele vyekundu, vigumu, vyenye usaha kileleni, vikubwa kama dengu. Paji, mashavu, kidevu, shingo, mpaka mabegani. Huyu ni mtoto aliyepita ujana wake bila kuota hata chunusi moja, wenziwe wakimwonea wivu. Sasa ana miaka ishirini na mbili, harusi iko mlangoni, na uso umekuwa hivi.

Ikawa kila anayeingia ana lake. Mmoja alisema ni jicho. Mwengine alisema ni joto la tumbo, apewe haluli aharishe. Mama akaandika kombe la aya, akalisomea, akamnywesha, akampangusa na marashi ya waridi. Vipele vilizidi. Iqra mwenyewe alikuwa mtulivu kuliko sisi sote. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akakirudisha kioo mahali pake, akaendelea na chai. Nilistaajabu, nikasema moyoni, mtoto huyu ana subira.

Mamake Aqeel aliposikia alikuja mbio. Alisimama mlangoni, akamtazama mwari wake, akaweka mkono mdomoni. Hakukaa hata kunywa maji. Alitoka akakutana na Mejumaa njiani, karibu na kwa fundi cherehani, akamwambia mbele ya watu kwamba liwa yake ni uchafu na kwamba amemharibia mkwe. Mejumaa hakubishana. Alimshika mkono akamrudisha mpaka ndani kwetu, akafungua kibakuli chake, akachota liwa ile ile akajipaka uso mzima mbele yetu, akakaa nayo mpaka ikakauka ikapasuka. Kisha akanawa. Ngozi yake haikuwa na kitu, wala kesho yake haikuwa na kitu. Lakini Kuze unaijua. Maneno yalikuwa yameshazunguka vichochoro vyote kabla yeye hajafika nyumbani kwake.

Nikaona mambo ya kupaka na kusoma hayatoshi. Nikamchukua Iqra kwa tuktuk mpaka Tudor, kwa daktari wa ngozi, Daktari Mwanakuu. Ni mama mtu mzima, mpole. Alimtazama Iqra kwa kioo cha kukuzia, akamgusa kidogo kidogo, kisha akatueleza kwamba chunusi si ugonjwa mmoja kama watu wanavyodhani. Kuna za kubalehe, ambazo huanza kwa vitundu vya ngozi kuziba, vikafanya vichwa vyeusi na vyeupe, halafu vikawaka. Hizo huja kwa zamu, moja ikikauka nyengine inaota. Kuna zile kubwa za chini ya ngozi, zinazouma na kuacha mashimo. Kuna za wanawake wazima, hukaa kidevuni na kufuata mwezi. Kuna za mafuta mazito ya nywele, na hizo hukaa kwenye paji tu. Na kuna za krimu za kujichubua, ambazo alisema siku hizi anaziona mpaka amechoka.

Hizi za Iqra, akasema, hazina kichwa cheusi hata kimoja. Zimetoka pamoja na zimelingana, kama watoto wa mimba moja. Chunusi za namna hii mara nyingi ni za dawa, na dawa yenyewe haikupakwa, imemezwa. Akataja dawa zinazoweza kufanya hivyo, na miongoni mwao akataja ayodaidi. Nikamuuliza ndiyo kitu gani. Akasema ni ayodini ile ile tunayotiliwa kwenye chumvi ili tusiote rovu, na kwa kiasi cha chumvi ni rehema. Zamani ilitiwa katika dawa za kifua ili kulainisha makohozi, na mpaka leo madaktari huitumia kwa baadhi ya maradhi ya ngozi, na kwa tezi ya shingo iliyovuka mpaka, hasa mgonjwa anapotayarishwa kupasuliwa. Lakini ikizidi, au ikimwingia mtu ambaye mwili wake hauipendi, hutokea usoni hivi hivi.

Akauliza kama Iqra anatumia dawa yoyote. Iqra akatikisa kichwa. Akauliza kama kuna dawa kama hiyo nyumbani. Nikasema Mama aliwahi kupewa kabla ya kupasuliwa, lakini hayo yamekwisha, na nani atakunywa dawa ya mwenziwe? Daktari akaliandika hilo. Alimchukua damu na mkojo, akatuambia turudi.

Kurudi hatukuwahi. Iqra alianza kulalamika mdomo unamwaka na kila kitu kina ladha ya chuma. Macho yakawa yanamtoka machozi ovyo. Chini ya taya kukavimba huku na huku kama mwenye matumbwitumbwi. Kisha akiwa anapanda ngazi akashika ukuta, akaniambia, "Shangazi, moyo unakimbia," akaanguka. Nilimgusa kifuani, na wallahi moyo ule ulikuwa unapiga kama cherehani. Tulimbeba mpaka barabara kubwa, maana gari haliingii kwetu, watoto wa baraza wakasaidia, na Mama nyuma yetu pekupeku.

Hospitalini walimlaza. Daktari Mwanakuu alikuja mwenyewe na majibu. Akaniita nje ya mlango akaniambia kwamba mwili wa Iqra umejaa ayodaidi, nyingi mno, na si ya chumvi wala ya samaki. Tezi yake ya shingo, ambayo pengine ina udhaifu wa kurithi kwa bibi yake, imechokozwa na ndiyo inayoukimbiza moyo. Akasema, "Bi Nishat, kitu hiki kinaingia mwilini mwake karibu kila siku. Tafuta kinaingiaje, kwa sababu kikiendelea sitakuwa na la kukuahidi."

Nilirudi ndani. Mama na mamake Aqeel walikuwa wamekaa ukutani. Nikawaambia nilivyoambiwa. Mamake Aqeel akasema neno moja: "Ukwaju."

Ah, kaka. Usingetaka kuyasikia yaliyofuata. Alisema sasa mambo yako wazi, Mejumaa amemnywesha mtoto sumu kidogo kidogo, na hakufanya kwa akili yake, ametumwa na wale waliotaka Aqeel amwoe binti yao. Akasema akitoka pale anakwenda kituo cha polisi. Mama, kwa hofu aliyokuwa nayo, akasema na aende. Mimi nikamkumbuka Mejumaa na liwa yake usoni, nikasema tungojee kwanza, lakini sauti yangu haikusikika. Jioni ile ile watu wawili waliokuwa wamemwita kwa harusi zao walishamkataza asije.

Kesho yake alasiri, saa ya kuwatazama wagonjwa, Aqeel alikuja. Alitoka moja kwa moja Shimanzi, kwenye magari yao ya mizigo, shati lina vumbi. Hakuwa ameruhusiwa kumwona Iqra tangu uso ulipoharibika, mamake ndiye aliyezuia. Siku hiyo aliingia bila kumuuliza mtu. Mamake akaanza kumweleza mambo ya polisi, na kwamba harusi isogezwe mbele mpaka uso utulie, watu wasije wakacheka. Aqeel akamsikiliza, kisha akamwambia, "Mama, usiende popote kwanza. Na harusi isisogezwe. Mimi sikuposa ngozi."

Akamgeukia Iqra. Akamwambia asione haya, vipele vitapona, na vikiacha alama basi viache, yeye atamtazama hivyo hivyo maisha yake yote na hatachoka.

Mufaddal, mimi nililia kwa furaha. Nilisema Mungu atupe nini tena, kijana kama huyu. Mama naye alikuwa anashukuru huku akifuta macho. Ndipo tuliposikia sauti kitandani. Iqra alikuwa amejikunja ameushika uso wake kwa mikono miwili na anatetemeka. Nikadhani moyo umeanza tena. Nikamwinamia. Akasema, "Mwambieni asiseme hivyo. Mwambieni anyamaze."

Nikamuuliza kwa nini, mwanangu.

Akakaa. Akamtazama mamake Aqeel, si mimi. Akasema, "Mejumaa hakunipa kitu. Nilikunywa mwenyewe."

Hakuna aliyeelewa. Mama akasema mtoto anaweweseka. Iqra akasema haweweseki. Akayasema yote, kwa sauti ndogo, bila kusita, kama mtu aliyeyarudia peke yake mara nyingi. Bibi yake alipotayarishwa kupasuliwa rovu, aliandikiwa ile dawa ya matone, na aliyekuwa akimtilia matone kwenye maziwa ni Iqra. Mama, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, akaota vipele uso mzima, tukamtania kwamba amerudi mwari. Daktari akasema ni dawa, vitaondoka, na kweli viliondoka. Chupa hazikuisha. Iqra alizichukua. Akajaribu, na damu ni moja, vipele vikatoka. Kila vilipotaka kupoa akanywa tena, na akaongeza. Hakujua itamvimbisha taya. Hakujua itamshika moyo. Alitaka uso tu. Alidhani wakiuona hivyo, watu wa Aqeel watarudi nyuma wenyewe, na yeye hatakuwa amemkosea mtu adabu.

"Nikangoja mnikatae," akamwambia Aqeel, "na wewe hukunikataa."

Nesi aliyekuwa akipita alisimama. Mama aliinua mkono kama anayetaka kumpiga, mkono ukabaki hewani, kisha akajishika shingo yake mwenyewe, pale penye kovu. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda. Mamake Aqeel akauliza, mwanangu ana kasoro gani? Mlevi? Ana mke mwengine? Na wewe, una mwanamume mwengine?

Iqra akasema hapana, kwa kila swali. Aqeel hana kasoro. Yeye mwenyewe hana mtu. Hakuna masomo yanayomzuia, hakuna ugonjwa. "Simtaki tu. Nilitafuta sababu ya kuwapa sikuipata. Ikabidi nitengeneze moja mtakayoiona kwa macho."

Uso wa Aqeel nausahau vipi? Alikuwa kama mtu aliyepigwa kibao na mtoto mdogo, hajui acheke au afanye nini. Akasema, "Ungeniambia mimi. Ningesema mimi ndiye nisiyetaka, ukabaki na heshima yako." Kisha akamshika mamake mkono wakatoka. Nguo za posa nimezirudisha mwenyewe. Aliyezipokea ni Aqeel mwenyewe, akanikaribisha chai, na chai ile sikuweza kuimeza.

Mama alikwenda Tudor kwa Mejumaa. Alikataa nimsindikize ndani, nikangoja uani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mejumaa alimpa kiti, akamsikiliza, akamwambia amemsamehe yeye na mtoto, mbele ya Mungu hawadai. Lakini nyumba yetu hataingia tena. Alisema anaweza kufuta neno moyoni mwake, hawezi kulifuta vinywani mwa watu. Mama amekuwa akipita nyumba moja moja za Kuze kuwaambia kwamba Mejumaa hana kosa, wengine wanaamini, wengine wanasema tunaficha aibu. Mmoja wa wale wawili waliomkataa amemwita tena. Wa pili bado.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike.

Tulipobaki wawili, nilimuuliza Iqra kwa nini hakusema mapema. Nilimkumbusha kwamba siku ya kuijibu posa aliulizwa mbele ya watu, akainamisha kichwa, na ukimya wa mwanamwali ni idhini. Nilikuwa na hasira, nakiri. Akanitazama na ule uso wake uliovimba, akasema, "Nilisema. Nilimwambia Baba."

Akanieleza kwamba alikupigia simu posa ilipokuja, kabla hatujaijibu. Kwamba alikwambia, Baba, simtaki. Ukamuuliza sababu. Akanyamaza, akitafuta. Nawe ukamwambia, "Kama huna sababu, huna neno," ukakata.

Kaka, sikuamini. Nilimwambia pengine wewe hukumsikia vizuri, simu za Majunga hukatika. Akanionyesha kwa mkono nisiendelee. Basi nikakaa kwenye kile kiti cha hospitali. Sisi tulisema amenyamaza, kumbe hakunyamaza. Alikuwa ameshasema, akaambiwa hana neno. Aliponyamaza mbele ya watu alikuwa anakutii wewe.

Sikuandikii kukuhukumu. Najua ulikuwa na haraka, najua babake Aqeel amekuwa mtu mwema kwako, na najua kumlea binti kutoka ng'ambo ya bahari bila mamake si jambo dogo. Lakini ningekuwa si dada yako kama ningekuficha. Ile dawa aliinywa kwa mkono wake, na aliyemwachia njia hiyo peke yake ni wewe. Nimelisema.

Habari za mwili wake ni hizi. Dawa imesimamishwa, anapewa maji kwa wingi na vidonge vya kuutuliza moyo. Uvimbe wa taya umeshuka. Daktari Mwanakuu anasema vipele vitakauka taratibu, pengine viwili vitatu vya kidevuni vitaacha alama, na tezi itabidi ipimwe kila mara kwa miezi inayokuja. Chupa zilizobaki nimezipeleka kwake mwenyewe. Juzi Iqra alikula wali na mchuzi wa papa, akaomba tena. Watu wakituuliza sababu ya harusi kuvunjika, Mama alitaka tuseme ni ugonjwa. Mimi nimekataa. Nawaambia msichana hakutaka, basi. Wengine hungoja niendelee. Siendelei.

Wasalimie jamaa wote wa huko. Mama anakuombea na anasema uukande mgongo kwa mafuta ya karafuu. Majirani wa mtaa mzima wanakusalimu, hata fundi cherehani. Na Iqra, nilipomwambia nakuandikia, alikaa akafikiri, kisha akasema atakupigia mwenyewe Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Nakuomba kitu kimoja, kaka yangu, sijakuomba kingine tangu Baba afe. Akipiga, pokea. Akianza kusema, usimuulize kitu. Mwache amalize.

Wabillahi tawfiq.

Mimi dada yako akupendaye,
Nishat